Mjomba Alikiri Kuloga

Juzi nusura nimfukuze kijana wangu wa kazi kwa sababu ya pumzi.

Ngojeni nieleze, maana najua kuna watakaosema tajiri amelewa. Mimi nina studio Kamwokya, hapa Kampala. Sisemi kibanda, nasema studio, yenye zulia mpaka ukutani na kiyoyozi kinachofanya kazi. Yale matangazo ya redio mnayosikia mkiwa mmekwama kwenye foleni ya magari, mengi yametoka kwangu. Video za harusi zinazowaliza shangazi zenu zimetoka kwangu. Na shule sikumaliza hata darasa la sita. Waliomaliza vyuo wananiita bosi, na mimi naitika.

Basi juzi alikuja mama mmoja muuza samaki wa Ggaba, mtu mzima mwenye mwili, akitaka kurekodi maneno ya kumuaga binti yake anayeolewa. Maneno yake yalikuwa mazuri sana. Lakini kila akimaliza sentensi anavuta hewa kama mtu aliyebeba beseni la samaki akipanda kilima, na kweli kazi yake ndiyo hiyo. Alipoondoka, kijana wangu Denis akabonyeza kitufe kimoja tu. Siku hizi programu zina kitufe cha namna hiyo. Ukibonyeza, pumzi zote zinaondoka, mtu anabaki anaongea mfululizo kama bomba lililosahaulika wazi.

"Bosi, sikia," akaniambia kwa furaha. "Nimemsafisha."

Nikasikiliza. Kompyuta ilikuwa imewaka tangu asubuhi, na nyuma yake palikuwa na ile harufu, mnaijua ninyi wa rika langu, harufu ya vumbi linaloungua polepole juu ya chuma. Nikajikuta niko kwetu, katika laini za polisi, zile nyumba za kambi, na bibi yangu amekaa mkekani anaitazama mashine kama mgeni aliyekataa kutaja jina lake.

"Rudisha pumzi za huyo mama," nikamwambia Denis. "Zote."

Akadhani natania.

Baba yangu alikuwa dereva wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo. Mama alikuwa Mnubi wa hapa hapa Kampala, Mwislamu, mjukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Baba ana lugha yake, mama ana Kinubi chake, basi nyumba ikachagua Kiswahili. Nacho kilikuwa Kiswahili cha kambi, chote amri na maswali. Baba hasa alikuwa mtu wa maswali. Ukimletea chai anauliza nani amepika. Ukimwambia Mama Fulani anakusalimu, anauliza, "Anataka nini?" Alitufundisha kwamba mtu anayecheka bila sababu ana sababu. Wengine walirithi mashamba, mimi nilirithi kushuku, na sijutii. Katika biashara kumenilinda kuliko kufuli.

Bibi, mama yake mama, aliishi nasi. Tulimwita Habuba, ndiyo bibi kwa Kinubi. Kazi yake ilikuwa kusuka kawa za kufunikia chakula, zile za Wanubi zenye duara za rangi kali zinazozunguka mpaka macho yanazunguka nazo. Lakini kambi nzima ilimjua kwa sauti. Wanawake wengine wakitaka kitu bombani walituma mtoto. Habuba alituma sauti. Aliketi mlangoni kwetu, akafungua kinywa, na kule bombani mtu akaacha kuchota maji akasema, "Labeka, Habuba!" Mimi alinipa jina la Sebit kwa kuwa nilizaliwa Jumamosi, na akiliita jina hilo hata niwe wapi, miguu yangu iligeuka kabla yangu.

Siku moja mjomba wangu Ramadhani, mdogo wake mama, akaja anasukuma toroli. Ndani ya toroli, juu ya godoro la zamani, kulikuwa na kompyuta. Mjomba alikuwa fundi redio. Chumba alichopanga hakikuwa na umeme, kwetu ulikuwepo, ulipokuwepo. Akaomba aiweke sebuleni.

Baba alisimama mlangoni. "Hii kitu umetoa wapi?"

"Kuna ofisi mjini walikuwa wanaitupa, shemeji. Imezeeka."

"Mimi pia nimezeeka. Mbona bado hawajanitupa?"

"Wewe una kazi, afande. Hii wamesema haiwezi kazi za siku hizi."

"Risiti iko?"

"Shemeji, kitu cha kutupwa kina risiti?"

Baba akaizunguka ile toroli, akagonga kioo kwa ukucha, akainama kunusa. Mwisho akasema iwekwe pembeni ya kabati akiendelea kuichunguza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ile mashine ilikaa kwetu kama panga lililokamatwa, kidhibiti cha kesi ambayo haijasomwa. Ilikuwa ya rangi ya meno ya mvuta sigara, skrini yake nzito kama gunia la mihogo. Ikiwashwa inanguruma, inakohoa, inapiga mlio mmoja mwembamba, halafu inanyamaza kana kwamba imejuta kuamka.

Wenzangu mliokulia zama hizo mnakumbuka kompyuta za nyumbani zilivyokuwa. Kwanza hazikuwepo. Na iliyokuwepo ilikuwa ya kuandikia barua tu. Haikuimba, haikusema, picha ilikuwa kama imechorwa kwa kokoto. Wenye uwezo waliitupa wakanunua nyingine. Mjomba hakuwa na uwezo, alikuwa na ubishi. Kulikuwa na ofisi iliyotafuta mtu wa kutengenezea shule masomo ya kompyuta, yenye picha na sauti, na kila aliyeomba alitakiwa kuonyesha kazi aliyoitengeneza mwenyewe. Wenzake waliokuwa wanaomba walikuwa na mashine mpya. Yeye alikuwa na hii, na kisahani kinachong'aa kilichofungwa ndani ya gazeti, chenye programu ambayo mafundi wote wa mjini walikuwa wanaizungumza. Aliongeza na kadi ya sauti aliyoichomoa kwenye maiti ya kompyuta nyingine. Aliniambia, "Sebit, hapa utaona mzee anarudi ujana."

Neno hilo nililiweka moyoni. Nilijiuliza ujana huo atautoa kwa nani.

Umeme uliporudi alasiri ile, Mjomba akaketi mbele ya mashine, akavunja vidole, akasema, "Mtulie wote. Naloga kwanza."

Mama alikuwa anamimina chai. Chai ikaendelea kumiminika, kikombe kikiwa kimekwisha jaa.

"Umesema unafanya nini?"

"Naloga, dada. Bila kuloga haifunguki."

Sasa, ninyi mnaokaa mbali na Kampala, eleweni. Kiswahili cha vitabuni kina kuroga, kwa ndimi zetu L na R ni mtu na pacha wake, na hata Kiganda kina neno hilo hilo, kuloga. Kwetu maana yake ilikuwa moja tu, ile ya kibuyu na usiku. Mjomba alikuwa ameweka neno la siri kwenye mashine ili sisi watoto tusiiguse, na kuliandika lile neno ndiyo mafundi walikuwa wanaita kuloga, kutoka "log in" ya Kiingereza. Lakini nani alijua? Mama alimtazama Habuba. Habuba akainuka. Aliingia chumbani, akatoka na chetezo kina kaa la moto na udi, akaanza kuizungushia mashine moshi, mbele, nyuma, na kwenye tundu za ubavuni.

"Mama! Moshi utaingia kwenye feni!" Mjomba akapiga kelele.

"Uingie," akasema Habuba. "Ndiyo naupeleka huko."

Ndiyo maana mpaka leo, vumbi la umeme likiungua, mimi nasikia na udi.

Sasa niseme kile alichofanya, maana leo ndiyo mkate wangu. Ile programu ilifanya kazi kwa kadi. Kila kadi ni ukurasa wa skrini. Unaweka picha, unaweka sauti, unaweka kitufe, unakiambia kitufe: ukibonyezwa, sema hivi, au nenda kadi ile. Hakuna kuandika mistari ya kichawi. Na ujanja wake kwa mashine kongwe ulikuwa huu, kama alivyomweleza mama: "Dada, sufuria yako ni ndogo lakini wageni wote wanakula, kwa sababu unapika kwa zamu. Hii nayo inapika kwa zamu. Kadi unayoitaka inaamka, nyingine zinalala kwenye diski. Mzee habebi mzigo wote kwa wakati mmoja."

Akatafuta somo la kuonyesha, akaona kawa za Habuba. Akachora kawa kwenye skrini, mraba kwa mraba, kama Habuba mwenyewe anavyosuka, jicho kwa jicho. Mashine ilikuwa na rangi chache. Mjomba akasema rangi chache si umaskini, mbona Habuba ana chache na kawa zake zinanunuliwa mpaka Kenya? Shabaha ilikuwa kwamba ukibonyeza rangi, sauti ya Habuba itaitaja kwa Kinubi na kueleza inatokana na nini. Sauti ndiyo ilikuwa shida, maana Habuba alikuwa bado nayo.

"Itaingia humu, mama. Kwenye maiki," Mjomba akambembeleza.

"Halafu itatokaje?"

"Ukibonyeza."

"Na mimi nitabaki na nini?"

Mjomba akacheka. Hakujibu. Mimi niliona kwamba hakujibu.

Habuba alikubali kwa sababu Mjomba alikuwa mwanawe wa mwisho, na wa mwisho hanyimwi. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri aliketi mbele ya maiki, ameinyoosha shingo kama anayenyolewa, anasema, "Ahamar. Nyekundu." Kuku akilia, wanarudia. Gari la polisi likipita, wanarudia. Mtoto wa jirani akilia, wanarudia. "Ahamar, mama. Mara nyingine tena. Kwa nguvu." Na kwa nguvu kwa Habuba ilikuwa kwa nguvu, vioo vya kabati vilitetemeka.

Mashine ikaanza kupata afya. Mwanzoni ulikuwa ukibonyeza kitufe unaweza kwenda msalani ukarudi ukakuta bado inafikiri. Mjomba akawa anapunguza hiki, anakata kile, na kila siku inakuwa nyepesi zaidi. Sauti iliyokuwa inatoka kama ya nzi kwenye kopo ikawa inatoka kama ya mtu, kisha kama ya Habuba. Na Habuba akaanza kukwaruza. Kwanza kidogo, jioni tu. Baadaye hata asubuhi. Bombani wakaanza kuuliza, "Habuba ameita au ni nani?" Mama akampikia tangawizi, akampa asali. Mimi nilitazama huku, nikatazama kule. Mashine inanenepa sauti, bibi anakonda sauti. Mtoto wa polisi hahitaji ushahidi mkubwa kuliko huo. Maji yakihama dumu hili kwenda dumu lile, hayapotei, yanahama.

Ushahidi mwingine nilipewa bila kuuomba. Mjomba alikuwa na rafiki, Kato, mpiga muziki kwenye baa moja Kabalagala. Jioni moja walikaa sebuleni na mashine, nami nilikuwa nyuma ya pazia lililotenga kitanda chetu.

"Tatizo ni mama," Mjomba akasema. "Mama ni mzito sana. Mashine haimuwezi."

"Si umkate pumzi?" akasema Kato, anakula karanga.

"Nimeshaanza. Za nyekundu nimezitoa zote. Za kijani bado."

"Kata zote, ssebo. Pumzi ni za nini? Zinajaza nafasi bure. Ukimkata atakuwa mwepesi kabisa."

"Kesho namaliza mama," akasema Mjomba. "Keshokutwa nampeleka ofisini."

Nililala kitandani nimeziba mdomo, maana nilihisi na pumzi zangu zinasikika.

Asubuhi Habuba aliketi mlangoni kama kawaida. Akamwona mtu bombani. Akafungua kinywa. Nakumbuka mishipa ya shingo yake ikisimama, na mkono wake ukienda hewani kusindikiza neno. Halikutoka. Ilitoka hewa tu, kama tairi ya baiskeli. Akajaribu tena. Kisha akafunga kinywa polepole, akaweka mkono juu ya koo, akageuka kuitazama kompyuta.

Nilikimbia. Baba alikuwa anaosha gari nyuma ya gereji ya kambi, suruali imekunjwa. Nikasimama mbele yake, miguu pamoja.

"Baba, nataka kuripoti."

Baba mwingine angecheka. Wangu alifunga maji, akafuta mikono. "Kosa gani?"

"Kuloga. Na kukata pumzi."

"Mshukiwa?"

"Mjomba."

Akakunjua suruali, akavaa kofia. Nawaambieni, sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda pale anavaa ile kofia.

Nyumbani hakuingia ndani. Habuba alikuwa mama mkwe wake, na baba alikuwa na heshima zake, hakukaa naye chumba kimoja bila kuombwa. Alisimama mlangoni uso umeelekea pembeni, akasema na ukuta.

"Ramadhani. Nakuuliza mbele ya dada yako. Wewe unaloga katika hii nyumba?"

Mjomba hakutoa macho kwenye skrini. "Ndiyo, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu nilete mashine. Kila siku naloga. Hata jana nililoga, ikanikatalia, nikaloga tena."

Mama akaweka sinia chini.

"Na huyu mtoto anasema umekata pumzi ya mama."

"Zote," akasema Mjomba kwa majivuno. "Zilikuwa nyingi! Sasa hivi ndiyo nimemaliza."

"Ya Rabbi!" Mama akajipiga mapaja. "Ramadhani! Mama aliyekuzaa!"

"Dada, si ilibidi? Bila kumkata hatoshei humu. Nilijaribu kumpunguza tu, akawa anasikika kama yuko kisimani."

Baba alipumua mara moja kwa pua.

"Vaa viatu," akasema. "Twende. Na hiyo mashine nayo inakuja."

Hapo ndipo Mjomba aligeuka, akatuona nyuso zetu. Akaanza kujieleza, na kila alivyojieleza alizama. Akasema si pumzi za kweli, ni za sauti. Akasema amezitupa kwenye kapu. Mama akauliza kapu gani, akainama kutazama chini ya meza. Akasema mama yuko salama, amemhifadhi sehemu mbili, ndani ya mashine na kwenye diski mfukoni. Baba akanyoosha mkono kutaka ile diski ya mfukoni. Mjomba alikuwa ameanza kulia sasa, mtu mzima, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Akipelekwa kituoni, ofisi ile ya kesho imekwenda. Na mimi nilikuwa nafurahi, sitaficha. Nilikuwa nasubiri mashine ibebwe, sauti irudi kwa mwenyewe.

Habuba alikuwa anapiga makofi kutuita. Hakuna aliyemtazama. Ulikuwa ni mkono wa mtu aliyezoea kusikilizwa bila mikono. Mwisho aliinuka, akapita katikati yetu, akamsukuma Mjomba atoke kitini. Akashika kile kipanya kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kifaranga asiponyoke, akakisogeza mpaka kile kimshale kikakaa juu ya rangi nyekundu. Akabonyeza.

"AHAMAR!" ikasema mashine.

Ilikuwa sauti yake. Yote. Kioo cha kabati kikatetemeka. Kule bombani mtu akapiga kelele, "Labeka! Habuba amepona!"

Akabonyeza pengine, chini, pembeni, mahali palipochorwa kitu kama kopo. Kumbe Mjomba siku moja alisahau kuzima maiki, akanasa maneno mengine ya Habuba, akayafanyia kitufe cha mchezo.

"Sebit! Toka kwenye sukari!"

Nilikuwa mbali na sukari. Hata hivyo mkono wangu uliruka. Na baba yangu, naapa, baba yangu alivua kofia.

Habuba akamwelekeza Mjomba kwa kidole: kaa. Akamwelekeza baba kwa kidole kile kile, bila kumtazama usoni: rudi kazini. Kisha akabonyeza kopo tena. "Sebit! Toka kwenye sukari!" Safari hii nilielewa kwamba hilo lilikuwa jibu la ripoti yangu.

Baba aliendelea kusimama kidogo. "Sawa, mama," akaambia ukuta. Akaondoka, akarudi hatua mbili. "Lakini ya risiti bado nauliza."

Hospitalini daktari alisema koo limeharibika kwa moshi. Moshi wa jiko, moshi wa udi, wa miaka yote. Sauti haikurudi. Ilibaki mnong'ono kama karatasi inayokunjwa. Mjomba alipeleka kazi yake ofisini na ile mashine kongwe kwenye toroli ile ile, wenye mashine mpya wakiwa wanamcheka nje, na kazi akapata yeye. Kabla ya kuanza alikaa sebuleni akachambua maneno yote ya Habuba yaliyonaswa kwa bahati mbaya, akamtengenezea kadi ya nyumba. Picha ya mlango: "Fungeni mlango!" Picha ya birika: "Chai iko wapi?" Picha ya mtoto: "Sebit, njoo!" Habuba aliketi kwenye kigoda mbele ya kompyuta iliyotupwa na watu wa mjini, akaitawala nyumba kwa kidole. Umeme ukikatika tulicheza mbali. Ukirudi, jambo la kwanza kusikika kambini lilikuwa jina langu.

Ofisi baadaye ilimpa Mjomba mashine mpya, ile ya zamani akatuachia. Shule ilinishinda, au mimi niliishinda, hilo tuliache. Lakini kila Habuba alipotaka neno jipya, ni mimi niliyelitafuta ndani ya maneno yake ya zamani, nikalikata, nikaliunga, nikalipa kitufe. Kwa hiyo wenye vyeti wakiniuliza nimesomea wapi, nawaambia nimesomea kwa mteja mmoja, asiyesamehe.

Mjomba sasa ni mzee, anaishi Nairobi. Tukiongea kwenye simu huniuliza, "Sebit, wewe bado unanishuku?"

"Bado."

"Kompyuta haili sauti ya mtu, mpwa wangu. Daktari si alisema ni moshi?"

"Alisema. Moshi wa maisha yote, halafu ukangoja wiki yako?"

Anacheka. Hajibu. Na mimi naona kwamba hajibu.

Yule mama wa Ggaba alirudi jana kusikiliza kazi yake. Denis alikuwa amerudisha kila pumzi, kwa kununa. Mama akasikia anavyohema kati ya maneno, akapiga kofi akacheka, "Banange, huyo ni mimi kabisa! Mwanangu akisikia hivyo atajua nimepanda kile kilima." Akaondoka anahema vile vile.

Denis ni kijana mzuri, anataka kujifunza. Alibaki anapanga mafaili, akakuta folda ambayo nimekuwa nikiihamisha kutoka mashine hadi mashine kwa umri wangu wote. Akafungua moja. Studio nzima ikajaa, zulia na yote. "Fungeni mlango. Chai iko wapi. Ahamar. Sebit, njoo." Neno kwa neno, safi, hakuna kitu katikati. Nilizitafuta zile pumzi zilizokatwa. Mjomba anasema zilifutika siku ile ile, mashine haikuwa na pa kuziweka.

"Sauti kali, bosi," akasema Denis. "Ni ya nani? Niisafishe na hii?"

"Hiyo ilishasafishwa," nikamwambia.